Chovya, Teremsha, Choma

Bandani, 11 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana, anasema amekusalimu mara tatu kupitia watu hukujibu, na mara ya nne atakuja mwenyewe na fimbo, udogo wako haujaisha kwake. Goti lake limetulia tangu tuhamie kwa sababu nyumba haina ngazi hata moja. Mwanangu ameng'oka jino la mbele, analitembeza kwenye kiberiti na kumwonyesha kila mgeni.

Nimeamua kuandika maana simu na wewe ni ugomvi mtupu. Masikio yako umeyaacha kwenye presi ya bati miaka arobaini, na mimi nikipaza sauti majirani wanadhani nafukuza mwizi. Kipara, dereva wetu, amekubali kubeba barua zetu kwenye lori lake.

Sasa sikia. Tumewasha tanuri! Watu thelathini na wanane, na wote tulipiga makofi kama wajinga. Mjomba, hili banda ungeliona. Ni la chini tupu, halina ghorofa, na mlango wake ni mpana hivi kwamba Kipara anaingia na lori lake lote, anapakia, anageuza humohumo ndani, anatoka. Unakumbuka huko mjini? Bati linakatwa chini, vikombe vinapandishwa ghorofa ya tatu kuchovywa kwenye uji mweupe wa kuvipaka, kisha virudi tena chini kuchomwa, na vyote hivyo kwa lifti moja yenye mwendo wa mgonjwa. Nusu ya maisha yetu tuliimalizia mbele ya mlango wa lifti tukipiga soga. Hapa kutoka kwenye pipa la uji hadi kwenye tanuri ni hatua kumi. Mmoja anachovya, mwenzake anachoma, kazi inakwenda mbio mpaka raha.

Karatasi yako ya maelekezo nimeibandika ukutani, ileile ya mwandiko wako: CHOVYA. TEREMSHA. CHOMA. Ila neno la katikati nimelipiga mstari, maana hapa hakuna pa kuteremsha kitu. Usinune, najua ndilo jina walilokupa kazini.

Tumepata oda ya vikombe elfu nne vya hospitali, mwisho wa Mei. Mwenye kiwanda anasema hiyo ndiyo itakayomwonyesha kama banda hili lina maana. Ataona.

Unakuja lini? Chumba chako kipo, dirisha linatazama kiwandani.

Mpwa wako

*

Mjini, 27 Februari

Kwako Bi Haraka,

Marahaba. Jina hilo sikulitunga mimi, ulijipa mwenyewe ulipozaliwa kabla mkunga hajavua viatu. Barua yako imekaa siku tisa chini ya kiti cha Kipara, imetoka inanuka dizeli. Mimi mzima, kikohozi kimepata mtu mwingine. Mwambie mama yako nimemjibu, na fimbo aitumie kutembelea. Mjukuu mwambie pengo alifiche, huku mjini wangeshalijengea ghorofa.

Nami nina habari. Yule mwenzetu wa maboksi, mlango wa pili kutoka kwetu, kafunga. Palepale alipokuwa anakata maboksi sasa wanauza kahawa kwa vijana wenye kompyuta. Fundi wa kuchonga vyuma, yule niliyekuwa namvukia barabara na jino la gia mkononi, naye kahamia nje ya mji. Juzi mkanda wa presi umekatika nikaungoja siku sita. Siku sita! Zamani ningerudi nao kabla chai haijapoa. Ndivyo ilivyo, mmoja akiondoka anambomolea mwenzake ukuta, na mwenzake naye hakai.

Malori mchana marufuku, wanasema yanaziba njia ya magari madogo. Fundi wetu wa mikono ya vikombe anapanda mabasi mawili kuja kazini kwa sababu karibu hapa kodi imempita kimo, akifika hata kusalimia hawezi. Yule Mama wa Ghorofa ya Nne, jengo la jirani, ameandika barua ya tano kwa manispaa kulalamikia kelele za presi yangu. Kaja juzi, presi ina miaka arobaini hapa! Na mwenye kiwanja hana hata aibu, anapitisha kamba ya kupimia katikati ya watu wanaofanya kazi. Vyumba vya kulala vitamlipa mara sita ya tunavyomlipa sisi.

Magazeti yanasema viwanda vinakufa mijini. Kafa nani? Nina watu wanane mlioniachia, tanuri dogo na oda za zamani za kumalizia mpaka Juni, na kila kikombe kinachotoka hapa unaweza kujitazama sura.

Ulivyolikata neno langu nimeona. Sawa.

Kuhusu swali lako la mwisho, karatasi imeniishia.

Mjomba wako

*

Bandani, 16 Machi

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Huku sote wazima. Karatasi ilikuishia na upande wa pili ulikuwa mweupe pe, mama ameuonyesha mtaa mzima.

Kazi nyingi, leo naandika kidogo. Mambo yanakwenda vizuri. Nakutumia kikombe kimoja cha kwetu uone na unywee chai. Kipara nimemwapisha asikitumie njiani.

Nina swali dogo tu, halina haraka. Zamani mlikuwa mnaongeza kitu chochote kwenye uji? Chumvi labda? Au moto wa tanuri mlikuwa mnaupandisha polepole?

Ni kuuliza tu.

Mpwa wako

*

Mjini, 2 Aprili

Bi Haraka,

Salamu kwa mama yako na kwa mwenye jino. Mimi mzima.

Kikombe nimekipata. Nimekiosha, nimekifuta, nimekaa nacho dirishani. Kizuri, cheupe kama meno ya maziwa. Kisha nikapitisha kidole gumba chini ya mkono wake. Kuna kipele. Kidogo kama mbegu ya ufuta, lakini kipo. Na najua mpwa wangu: kwa mjomba wake angechagua kikombe bora kuliko vyote. Sasa kama hiki ndicho bora, je, vingine vina hali gani?

Unanificha nini? Umeandika "mambo yanakwenda vizuri" halafu unaniuliza chumvi. Kwani tunapika maharage? Kwenye uji kuna unga wa kioo, udongo mweupe na maji, unajua toka ukiwa mdogo, ulikuwa unachovya wanasesere wako humo mpaka nikakukimbiza. Hatujawahi kuongeza kitu. Moto tuliupandisha vilevile unavyoupandisha wewe.

Niambie ukweli, na safari hii tumia karatasi yote.

Hapa mwezi huu wanakuja kuing'oa lifti. Mwenye kiwanja kauza vyuma vyake. Tutabeba vikombe kwa ngazi, tuna miguu.

Mjomba wako

*

Bandani, 14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima. Nimemficha yeye pia, kwa hiyo ukijibu barua usiiache wazi.

Maji yamenifika shingoni. Vikombe vinaota malengelenge. Vinaingia tanurini laini kabisa, vinatoka vimejaa vipele na vitundu, vingine mpaka bati linaonekana. Katika kila mia natupa themanini. Nimeshatupa elfu moja na mia moja, vimelundikana nyuma ya banda na jua likiwaka vinanimeremetea usoni kama vinanicheka. Nimebadilisha unga. Nimebadilisha maji. Nimepunguza moto, nimeongeza moto, nimefagia tanuri kwa mikono yangu. Watu wananiangalia mimi, na mimi sina wa kumwangalia.

Mwenye kiwanda alikuja Ijumaa. Hakupiga kelele, heri angepiga. Amesema mwisho wa Mei nisipompa vikombe elfu nne safi, anaagiza vilivyotengenezwa tayari kutoka nje na banda analigeuza ghala. Ghala linahitaji watu wanne, Mjomba. Sisi ni thelathini na wanane, na tumehamisha watoto shule.

Sikukuambia kwa sababu nilijua utasema, "Si nilikwambia kiwanda ni cha mjini?" Basi sema, nimeshazoea kudhalilika.

Lakini na wewe useme la kwako. Kipara anasema amekuona kwa fundi cherehani wa kona unapimwa sare. Ya bluu, yenye vifungo vya kung'aa. Sare ya nini, Mjomba?

Mpwa wako

*

Mjini, 29 Aprili

BI HARAKA!

Simama. Kabla hujamaliza kusoma hii barua, toka nje uwaambie wasichome kikombe hata kimoja leo. Nenda. Nakungoja.

Umerudi? Haya.

Lifti wameing'oa Jumanne ya wiki iliyopita. Jumatano tukachovya vikombe mia mbili ghorofa ya tatu kama kawaida. Vijana wangu wakasema tusipoteze muda, wakavibeba mbio kwa ngazi mpaka tanurini, dakika tatu tu. Walijisifu sana. Nikachoma. Nikafungua mlango wa tanuri. Mpwa wangu, miaka arobaini sijawahi kuona kitu kile hapa: malengelenge matupu!

Nilikaa chini sakafuni na nguo yangu nyeupe ya kazi. Uji ni uleule, tanuri lilelile, watu walewale, na mimi nimeshika moto kwa mkono huuhuu. Kilichopungua ni kimoja tu. Lifti!

Unaikumbuka ile chanja ya chuma pale mlangoni kwake, chini ya dirisha la ngazi, pale upepo unapopita? Vikombe vilikuwa vinapangwa hapo vikingoja lifti ije. Ikikwama vinangoja zaidi, sisi tunatukana, tunasuta, tunaipiga mateke. Na muda wote huo vikombe vinakauka! Ukichovya, uji unawahi kukauka juu, ukigusa kwa kidole unasema tayari. Ndani bado una maji. Ukiutia kwenye moto, maji yanachemka yanatafuta pa kutokea, yanatoboa. Hakuna aliyetufundisha kungoja kwa sababu hakuna aliyejua kwamba tunangoja kwa faida. Nimeandika "teremsha" kwa mkono wangu nikidhani naandika safari ya dakika mbili, kumbe naandika robo tatu ya saa ya upepo.

Sikuamini haraka hivyo. Nimejaribu mara tatu. Trei moja mbio tanurini, trei nyingine dirishani kwa dakika arobaini na tano. Ya mbio imeharibika mara zote tatu. Ya dirishani, Bi Haraka, nilijiona uso wangu na kila mvi yake. Nilipiga ukelele hata nami nikausikia.

Kwa hiyo jenga chanja mahali penye upepo, mbali na tanuri. Acha vingoje. Halafu choma.

Sasa la sare. Mwenye kiwanja ameniahidi kazi ya mlangoni, jengo la vyumba likiisha. Kiti cha kuzunguka, kofia, kuwafungulia watu mlango. Sikukwambia kwa aibu. Na kama sikusema nakuja huko, ni kwa woga tu, nitasemaje vingine. Hapa masikio yamekufa lakini nikiweka kiganja ukutani najua presi inasemaje. Huko kwako ningekuwa mzee wa kuwekewa kiti kivulini na kuletewa chai. Kisha ukalipiga mstari neno langu, nikajua basi, hata jina langu halina kazi huko.

Nimemwambia Kipara barua hii ikichelewa siku moja namng'oa nywele zilizobaki. Anazo nne.

Mjomba wako

*

Bandani, 20 Mei

Mjomba, Mjomba, Mjomba!

Shikamoo mara elfu nne! Maana ndiyo idadi ya vikombe vilivyoondoka jana, siku kumi na mbili kabla ya muda!

Kipara alifika siku ya pili tu, anatweta kana kwamba lori alilisukuma. Nilisoma mstari wako wa kwanza nikatoka mbio bila kiatu kimoja. Chanja tuliijenga mchana uleule, pale kati ya mlango mkubwa na ule mdogo wa nyuma, upepo wa pande zote. Vikombe mia mbili vya kwanza tuliviweka, tukakaa kuvitazama. Watu thelathini na wanane tumeketi tunatazama vikombe! Tulipofungua tanuri, fundi wa moto alichukua kimoja, akapapasa chini ya mkono, akapapasa tena, akanipa mgongo. Nikajua tumekwisha. Kumbe analia. Kulikuwa laini. Vyote mia mbili vilikuwa laini. Mama yangu, mwenye goti, alicheza!

Mwenye kiwanda amekuja kujionea. Amemimina maji ya moto kwenye kikombe, kisha ya baridi palepale, akangoja kisikike kikipasuka. Hakikupasuka. Alizunguka lile rundo la vikombe vibovu, akarudi, akasema habari ya ghala niisahau. Ametupa oda ya sahani elfu kumi za shule. Nimemuuliza kama anataka na vikombe vyake, akacheka, mara ya kwanza naona meno yake.

Sasa lako wewe. Soma kwa makini maana sikubembelezi.

Chanja tumeibandika jina: LIFTI. Inafanya kazi nzuri jua likiwaka. Lakini tarehe kumi mvua ilinyesha, tukangoja dakika arobaini na tano kama ulivyosema, tukachoma, thelathini vikaharibika. Kesho yake jua likarudi, tukangoja saa nzima, uji wa vingine ukaanza kupukutika kwa ukavu. Saa ya ukutani haitoshi. Mama amenikumbusha jambo ambalo hukuliandika, na nadhani hata wewe hulijui. Anasema enzi akikuletea chakula kazini, ulipokuwa unasimama mlangoni kwa lifti ulikuwa unagusa vikombe kwa mgongo wa kidole, bila kuvitazama, huku unaongea mambo mengine. Halafu ndipo unapiga ukelele, "Teremsha!" Kuna siku lifti ilikuwa imeshafika na bado hukuita. Watu walidhani unazubaa.

Kazi hiyo haihitaji masikio. Inahitaji kidole kimoja, na hapa hakuna aliye nacho. Nataka uje unifundishe watu watatu, na mpaka wajue, hakuna kinachoingia tanurini bila wewe. Hutawekewa kiti. Hakuna nafasi ya kiti.

Karatasi yako nimeitoa ukutani, nimeandika nyingine. Neno la katikati nimelifanya kubwa kuliko yote mawili.

Mpwa wako

*

Mjini, 28 Juni

Kwako mpwa wangu,

Marahaba, na salamu kwa mama yako. Mwambie akicheza tena anisubiri.

Barua yako nimeisoma mara nne, mara mbili kwa sauti. Baada ya hapo nikaenda kugusa vikombe huku najichunguza. Ni kweli! Kidole kinajua na mwenye kidole hana habari! Miaka yote hiyo nilidhani naigoja lifti.

Sare nimeirudisha. Mwenye kiwanja akasema, "Mzee, kazi ya kukaa unaikataa?" Nikamwambia nimepata kazi ya lifti. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, sikujisumbua kumweleza.

Jana asubuhi tulichoma trei ya mwisho, vikombe kumi na viwili. Nikaona mtu mlangoni, nani, Mama wa Ghorofa ya Nne! Nikajua ni barua ya sita. Akaniandikia kwenye kipande cha karatasi, maana amejua sisikii: tangu presi ilipozimwa analala vibaya, kumekuwa kimya mno. Halafu akanunua vyote kumi na viwili. Nimemfungia kwenye gazeti lilelile lililosema viwanda vimekufa. Nikamwambia kuanzia sasa vitamfikia kwa lori, mradi wakubali malori yaingie. Akaandika tena: hilo ataliandikia barua yeye. Naiamini kalamu yake.

Watu wangu wote wanane wanakuja. Presi imepakiwa, tanuri dogo limepakiwa. Nilipanda peke yangu ghorofa ya tatu, nikaipapasa ile alama ya chanja ukutani, na nimelia, sikufichi. Kisha nikapiga ukelele kwa nguvu zangu zote kwenye lile shimo tupu la lifti, "Teremsha!" Nikajiteremsha mwenyewe, ngazi zote, bila kushika ukuta. Hatukufia hapa. Tumetoka kwa miguu yetu, na kazi mkononi.

Nimekuja na kitu kimoja ambacho hakikuuzwa pamoja na vyuma, kengele ya lifti. Tutaining'iniza kwenye chanja yako.

Kipara anapiga honi, na kwa alivyoikalia hata mimi naisikia. Barua hii simpi yeye. Naibeba mfukoni, nitakukabidhi kwa mkono wangu mbele ya watu wako. Kwa hiyo ukifika hapa acha kusoma, inua uso, nimesimama mbele yako. Nionyeshe vikombe viko wapi.

Teremsha